Kwa Nini Rover Haikufika Kaberebere

Magari madogo yanayosubiri abiria pale Kaberebere, kwenye lami ya Mbarara kwenda Kikagati, karibu yote ni Toyota. Kuna Corona zilizochakaa, Carina, Premio, Wish, Noah, na mara moja moja Mark II ambayo bado ina rangi yake ya kiwandani. Yanabeba wafanyabiashara wa ndizi wa Isingiro, walimu, wauguzi, na wakimbizi wanaokwenda Mbarara au wanaorudi Nakivale: Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, kila mmoja na mzigo wake. Uganda tunaendesha kushoto kama Waingereza walivyotuachia, usukani uko kulia kama wao, na sheria za barabarani tulizirithi kwao. Gari lao dogo ndilo halionekani.

Miaka 60 iliyopita hakuna aliyetarajia hivyo. Uingereza ilikuwa na kila kitu mkononi: lugha ya ofisi, upande wa usukani, mawakala wa mauzo katika miji mikubwa, makanika waliofundishwa na Idara ya Ujenzi ya serikali ya kikoloni, na tabaka zima la watumishi walioamini kwamba gari la Mwingereza ndiyo alama ya mtu aliyefika. Faida hiyo ilipotea namna gani? Kuna jibu jepesi, kwamba Wajapani waliuza rahisi. Jibu hilo haliniridhishi, maana Peugeot haikuwa rahisi, Mercedes haikuwa rahisi hata kidogo, na yote mawili yalidumu Afrika Mashariki kwa miongo mingi.

Nachukua Rover kama mfano kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na mtu wa kwetu. Rolls-Royce ilikuwa ya wakuu wa nchi. Moja lililowabeba magavana wa Tanganyika, na baadaye Mwalimu Nyerere, limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam. Pale Lubiri, Mengo, waongozaji huwaonyesha wageni mabaki ya gari lililoungua wanalosema ni Rolls-Royce la Kabaka Mutesa II. Jaguar ilikuwa ya mwenye pesa na haraka. Rover iliundwa kwa ajili ya daktari, meneja wa benki, jaji, ofisa wa cheo cha juu; mtu mwenye heshima asiyetaka kelele. Watu wa aina hiyo walikuwapo Mbarara pia, si Nairobi na Kampala peke yake.

Hoja yangu naitoa mapema. Gari la heshima barani kwetu haliishi kwa mnunuzi wake wa kwanza. Linaishi kwa mtu wa nne au wa tano, na kwa makanika wa mtu huyo. Rover ilitengeneza magari mazuri, mengine mazuri mno, lakini mtu wa nne haikumfikiria, na hata pale ilipomgusa kwa bahati haikumfuata.

Tuanze mwaka 1949. Baada ya vita Rover ilitoa saluni inayojulikana kwa jina la P4, ya kwanza kabisa ikiitwa 75. Waingereza waliibandika jina la Shangazi, kwa upole wake na kwa namna ilivyokaa wima barabarani. Ilikuwa na fremu nzito chini, viti vya ngozi, mbao za kweli kwenye dashbodi. Ilitengenezwa hadi 1964. Mwaka 1958 ikaongezewa kaka yake mkubwa, P5, gari pana la injini ya lita tatu, ambalo mwaka 1967 lilipewa injini ya V8 ya aluminiamu ambayo Rover ilinunua haki zake kutoka General Motors ya Marekani. P5 lilikuwa gari la mawaziri wakuu wa Uingereza kwa muda mrefu. Harold Wilson alipanda, Edward Heath alipanda, na Margaret Thatcher alifika Downing Street mwaka 1979 ndani ya P5 ingawa kiwanda kilikuwa kimeacha kuitengeneza tangu 1973. Kwa heshima hakuna iliyoishinda.

Kwa nguvu je? Hapa watu wengi husema kwamba magari hayo yaliundwa kwa ajili ya lami ya Uingereza na yasingeweza barabara zetu. Safari Rally inawakanusha. Mashindano hayo yalianza 1953 kama sherehe ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na katika miaka ya 1960 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa mvua za Pasaka, matope hadi kwenye milango. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yakarudi saba tu. La kwanza lilikuwa Peugeot 404. La saba lilikuwa Rover ya lita tatu, saluni ya mawaziri, gari zito la viti vya ngozi. Magari 77 yalikwama, yaliharibika au yalichelewa nje ya muda, Rover ilifika.

Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, kampuni ilizindua P6, ile Rover 2000, na mwaka 1964 ikawa gari la kwanza kabisa kupewa tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya. Inafaa tuitazame kwa karibu kwa sababu ndani yake kuna mwelekeo wote wa baadaye, mzuri na mbaya. Wahandisi waliunda kiunzi cha chuma kinachobeba kila kitu, kisha mabati ya nje, yaani boneti, mabawa, milango, hata paa, yakafungwa juu yake kwa bolti. Ukigonga ubavu huhitaji kukata wala kuchomelea. Unafungua bolti, unaweka bati jingine, unapaka rangi. Makanika yeyote wa pembeni mwa barabara angeipenda kazi hiyo. Lakini gari hilohilo lina breki za nyuma zilizowekwa ndani kabisa, kando ya difu, badala ya kwenye magurudumu. Sababu ya kihandisi ilikuwa nzuri: uzito wa gurudumu ulipungua na gari likatulia barabarani. Ila kubadilisha pedi kulimlazimu fundi aingie uvunguni na kunyoosha mikono mahali pasipofikika, penye oili na vumbi. Pasipo lifti wala shimo la gereji, kazi ya nusu saa iliweza kula siku nzima. Aliyebuni bolti za mabati alimwona fundi. Aliyebuni breki alimwona dereva tu.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba kampuni hiyohiyo ilijua kutengeneza kitu kinachofungulika. Mwaka 1948, kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam, Rover ilionyesha Land Rover. Lilikusudiwa liwe la muda tu, la kuingiza fedha za kigeni wakati biashara ya saluni ikisubiri kurudi. Chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kibali, bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Injini na giaboksi zilitoka kwenye saluni za kampuni. Yaani Land Rover lilikuwa ndugu wa damu wa gari la meneja wa benki. Tofauti ni kwamba lilivuliwa kila kisichokuwa cha lazima, likanyooshwa pembe zake ili bati linyooke hata kwa nyundo. Polisi walilipata, mabwana mifugo walilipata, wamisionari walilipata. Wakimbizi wa kwanza kutoka Rwanda walipofika Nakivale mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, gari la kazi katika sehemu zote hizi za Ankole lilikuwa ni hilo. Spea zake zilifika kila penye mission au boma, na vijana walioanza kwa kuosha Land Rover za serikali wakaishia kuwa makanika wa wilaya nzima.

Kwa hiyo katika kiwanda kimoja cha Solihull, chini ya paa moja, walikuwapo watu walioielewa Afrika na watu wasioihitaji. Saluni na Land Rover zilipoanza kutofautiana, kuanzia P6, ile hazina ya makanika waliojua injini ya Rover kwa sababu ya Land Rover haikuwasaidia tena wenye saluni. Injini ya 2000 ilikuwa mpya na ya peke yake.

Linganisha na Peugeot. Wafaransa hawakuwa na koloni hapa wala lugha. Walishinda Safari na 404 mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na ushindi wao wakaufuata kwa biashara. 404 na baadaye 504 zilitoka pia kama stesheni wagoni zenye safu tatu za viti, zikawa teksi za masafa marefu Kenya nzima na Uganda pia, mpaka neno Peugeot likawa jina la usafiri wa aina hiyo. 504 iliunganishwa Mombasa. Injini ya saluni ya waziri na ya teksi ya abiria tisa ilikuwa ni ileile, springi za nyuma zikatofautiana. Fundi aliyejifunza kwenye teksi aliweza kumtengenezea waziri. Naamini hapo ndipo Rover ilipopigwa, miaka mingi kabla ya Mjapani kutishia: mwaka 1963 magari yote mawili yalifika, na ni mmoja tu aliyerudi kufungua duka la spea.

Sehemu ya lawama iko Uingereza kwenyewe. Mwaka 1967 Rover ilinunuliwa na Leyland, na mwaka uliofuata Leyland ikaungana na kundi lililokuwa tayari na Jaguar ndani yake, ikazaliwa British Leyland. Sasa Rover na Jaguar, waliokuwa washindani, walilala kitanda kimoja. Rover ilikuwa ikiandaa saluni kubwa, P8, ya kurithi P5. Mwaka 1971, kazi ikiwa imefika mbali na fedha nyingi zimetumika, mradi ukafutwa. Nyumba moja haikutaka magari mawili yagombee mteja mmoja. Kampuni ilibeba majina mengi na aina nyingi za injini zisizoingiliana. Mwenye duka la spea Kampala ambaye angetaka kuwahudumia wateja wa British Leyland angelazimika kuweka rafu nzima za vitu vinavyofanana bila kufaana. Mwaka 1975 serikali ya Uingereza ililazimika kuichukua kampuni ili isife.

Hata hivyo isisemwe kwamba Leyland iliisahau Afrika Mashariki. Mwaka 1974 kulianzishwa Leyland Kenya pale Thika, kiwanda cha kuunganisha magari ambacho leo ni Kenya Vehicle Manufacturers, na Land Rover ziliunganishwa pale. Saluni ya Rover haikupewa nafasi hiyo.

Uganda tulikuwa na balaa letu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Pamoja na viwanda na maduka ya nguo, waliondoka wenye maduka ya spea na gereji za Kampala, Jinja, Masaka na Mbarara, watu waliokuwa na madaftari ya namba za vipuri na barua za mkopo na wauzaji wa Birmingham na Coventry. Fedha za kigeni zikakauka. Gari linalohitaji gasketi ya aina yake peke yake likawekwa juu ya mawe likingoja. Mwaka 1976 Uingereza ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uganda. Mapema 1979 vita dhidi ya Amin vilifika Mbarara penyewe na mji ukabomolewa vibaya. Kati ya Waasia waliofukuzwa alikuwamo kijana mzaliwa wa Uganda, Shekhar Mehta, aliyehamia Kenya. Mwaka 1973 alishinda Safari Rally kwa Datsun 240Z, halafu akashinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun pia. Mganda alikuwa miongoni mwa waliowaonyesha Waafrika Mashariki kwamba gari la Kijapani lina mifupa.

Miaka hiyohiyo Rover ilikuwa ikipitia kipindi chake kibaya kuliko vyote. SD1 ilitoka 1976, gari zuri la kutazama, likapewa tuzo ya Gari la Mwaka la 1977, na kwa upande wa makanika lilikuwa hatua njema: ekseli ya nyuma ilikuwa nzima ya kawaida, breki za nyuma za ngoma zilizorudi kwenye magurudumu. Wahandisi walikuwa wamejifunza. Lakini kiwanda kilikuwa kwenye migomo, rangi ilibanduka, umeme ulisumbua, mvua iliingia. Kwa mara ya kwanza ubunifu ulikuwa wa kutufaa na utengenezaji haukufaa hata kwa Waingereza wenyewe. Ofisi za serikali za Afrika Mashariki zilikuwa zimeshahamia Mercedes, na wananchi wakawaita waliomo ndani yake wabenzi.

Kilichofuata kinatupa jaribio ambalo mtafiti angeomba kwa dua. Rover iliungana na Honda kubuni gari moja kubwa la kifahari. Honda ikalitoa 1985 kwa jina la Legend, Rover ikalitoa 1986 kwa jina la 800. Mifupa ileile, na mwanzoni injini ya V6 ileile ya Honda. Yote mawili yakapelekwa Marekani, la Honda likiitwa Acura Legend na la Rover likiitwa Sterling. Katika kura za kuridhika kwa wateja Acura ilipanda juu, Sterling ikashuka chini kabisa, na mwaka 1991 Sterling ikaondolewa sokoni. Hapakuwa na barabara mbovu ya kulaumiwa, wala mteja maskini, wala makanika asiyesoma. Gari ni moja. Nyaya, swichi, rangi na uangalifu wa mwisho ndivyo vilivyotofautiana. Kila ninapomsikia mtu akisema magari ya Uingereza yalishindwa Afrika kwa sababu ya Afrika, namkumbusha Sterling.

Umiliki ulizunguka tangu hapo: British Aerospace 1988, BMW 1994, na mwezi Oktoba 1998 ikazinduliwa saluni ya mwisho, iliyopewa jina la zamani la 75. Wakosoaji wengi waliisifu kwa ukimya na ubora wake. Siku ileile ya uzinduzi mkuu wa BMW alizungumza hadharani juu ya mashaka ya kiwanda, na wanunuzi wakasikia. Mwaka 2000 BMW iliikabidhi Rover kwa kundi la wafanyabiashara wa Uingereza kwa pauni 10, na Aprili 2005 ikafilisika. Wafanyakazi wa kiwanda chake cha Longbridge wapatao 6,000 walikosa kazi. Michoro ya 75 ilikwenda China, ikatoka tena kama Roewe 750.

Sasa turudi kwenye lami yetu, maana 75 ilikuwa na nafasi ya kufika Kaberebere kama mtumba. Usukani ulikuwa kulia, na Uingereza ilikuwa na magari hayo kwa wingi na kwa bei iliyoanguka. Njia ya mtumba ilikuwa wazi tangu biashara ya fedha za kigeni ilipoachwa huru Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1990. Magari hushuka Mombasa na kuingia Malaba au Busia, mengine hushuka Dar es Salaam na kuingia Mutukula, yanalala kwenye bondi za Kampala mpaka ushuru ulipwe, kisha yanakuja magharibi. Lakini njia hiyo ilijaa Toyota, kwa sababu iliyoko Japani kwenyewe. Huko ukaguzi wa lazima wa gari, uitwao shaken, hufanywa gari jipya likitimiza miaka mitatu na baadaye kila miaka miwili, na gharama zake hufanya mwenye gari la miaka minane au kumi aone heri aliache. Linapigwa mnada likiwa na kilomita chache, injini yake ingali nzima. Uingereza ukaguzi ni wa kila mwaka na wa bei nafuu, gari likalindwa kwao mpaka linazeeka kweli. Mtumba wa Kiingereza ukifika, umeshatumika hadi mwisho.

Halafu kuna injini. 75 ya lita 1.8 ilitumia injini ya familia ya K, nyepesi na hodari kwa ukubwa wake, lakini yenye maji machache ya kupozea. Yakipungua kidogo tu kwa uvujaji ambao dereva hauoni, joto hupanda ghafla na gasketi ya silinda hedi huungua. Uingereza penyewe injini hiyo ilipata sifa mbaya kwa jambo hilo. Fikiria sasa gari hilo katika siku ya kawaida kwenye barabara ya kwenda Nakivale: abiria saba au wanane, gunia la maharage kwenye buti, vumbi limeziba redieta, mlima, jua la saa nane, na maji ya kuongezea ni ya dumu yaliyotekwa bondeni.

Chini ya Premio ya jirani yake makanika amelala juu ya kipande cha boksi. Amekwisha kuweka mipira minene katikati ya springi za nyuma ili gari lisilale likijaa watu. Bushi za mkono wa mbele anazitoa kwa kupiga chuma, anatia mpya kutoka duka la Mbarara ambako hakuhitaji kutaja mwaka wa gari. Alitaja injini: 7A. Mwenye duka anajua kwamba 7A iko kwenye Premio ya kwanza, Carina na Caldina, kama 3S ilivyo kwenye Corona, Ipsum na RAV4, na kama 1NZ na 1ZZ zilivyotapakaa kwenye magari yaliyofuata. Rafu moja inahudumia barabara nzima. Ndani ya gari dashbodi ina maandishi ambayo hakuna anayeyasoma, na redio ya kiwandani inaishia megahezi 90, kwa hiyo dereva amefungiwa kifaa kidogo cha kuongeza masafa ili apate stesheni za Mbarara. Gari halikutengenezwa kwa ajili yake, hilo liko wazi. Lakini linakubali kutengenezwa naye.

Wakongomani na Warundi wa Nakivale wanatoa ushahidi ambao kwangu ndio wenye uzito zaidi. Kongo na Burundi wanaendesha kulia, na usukani unaofaa uko kushoto. Hata hivyo Goma, Bukavu na Bujumbura zimejaa Toyota za usukani wa kulia, teksi ambazo dereva wake hukaa upande wa mtaro na akitaka kulipita lori humtegemea abiria wa kushoto amchungulie. Watu wamekubali hatari na usumbufu wa kila siku ili wapate gari ambalo fundi wa mtaani analimudu. Uingereza ilikuwa na usukani wa upande uliotufaa sisi bila gharama yoyote, na haikutosha.

Nafasi ya Rover nayo haikubaki tupu. Toyota Crown, iliyoanza 1955, ilifanya polepole kile ambacho P5 ilikuwa ikifanya: saluni pana, kimya, ya mtu mzima, yenye heshima pasipo makeke. Dar es Salaam na Zanzibar leo Crown Athlete na Crown Royal ni gari la ofisa, mfanyabiashara, hata bwana harusi. Tofauti ni kwamba Crown, Mark II na Chaser zimegawana injini za nasaba moja, na nyingi zimetumika mpaka mtu wa tano. Hata Jumuiya ya Madola ilikubali hali mpya: Novemba 2007 wakuu wake walipokutana Kampala, Malkia Elizabeth II akiwapo, magari ya wageni yaliyonunuliwa yalikuwa ya BMW, na Bunge la Uganda baadaye likachunguza manunuzi hayo.

Kuna mrithi mmoja wa halali aliyebaki. Mwaka 1970 mhandisi Spen King, aliyeshiriki kuunda P6, alitoa Range Rover, akatia ndani yake V8 ileile ya saluni ya mawaziri. Polepole ngozi, mbao na ukimya wa P5 vilihamia humo. Tajiri wa Mbarara akitaka gari la Kiingereza leo hununua Range Rover, na anapolinunua amenunua ukoo wa saluni za Rover ukiwa umepandishwa juu ya magurudumu makubwa. Lakini Range Rover ya sasa ina kompyuta nyingi na mifuko ya hewa badala ya springi. Ikiharibika Isingiro inabebwa hadi Kampala. Mashirika yanayohudumia Nakivale nayo yaliacha Land Rover zamani, yakahamia Land Cruiser nyeupe. Nyingi za Land Cruiser za Umoja wa Mataifa huandaliwa na kampuni ya Toyota iliyoko Gibraltar, ardhi ya Uingereza.

Sheria imefunga mlango uliobaki. Tangu 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Rover ya mwisho ilitoka 2005, kwa hiyo tangu 2020 hakuna hata moja inayoweza kuingizwa kihalali, iwe nzima kiasi gani. Sheria hiyohiyo inaisukuma Toyota kwenye mtihani ambao Rover iliufeli. Magari yanayokuja sasa ni mapya zaidi, na mengi ni ya haibridi: Prius, Aqua, Axio, hata Crown. Prius ya kizazi cha tatu ina betri ya volti 201.6 nyuma ya kiti, yenye seli zinazokufa moja moja, na feni ya kuipoza ambayo huziba vumbi la aina tuliyonayo hapa. Anayeifungua bila glavu za mpira na bila kutoa plagi ya usalama anaweza kufa. Mafundi wanaoijua kazi hiyo wengi wao wako Kampala, kilomita 270 kutoka Mbarara. Toyota inapata sifa na faida kutokana na makanika wa barabara hii ambao haijawahi kuwafundisha; walijifunza wenyewe kwa sababu gari lilifundishika. Haibridi haifundishiki kwa kukisia. Mwenye Premio ya 7A pale Kaberebere anaulizwa kila mara kama yuko tayari kubadilisha apate gari linalokula mafuta kidogo, na wengi bado wanajibu kwamba watangoja mpaka awepo mtu Mbarara wa kuifungua hiyo betri.